ULIIBA NINI? KAZI INAPOISHA KWA SABABU WATEJA WAMEHAMA



Katika kutembelea vikundi upande wa Kyuso tulikutana na jambo ambalo tumeona ni vizuri tuliandike hapa, maana tunajua haliko kwa kikundi kimoja tu.

Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa kimemkopesha mwanachama wake shilingi 60,000, aongezee pesa zake anunue mashine ya kusaga. Hakuna mtu aliyekuwa na wasiwasi. Mume wake alikuwa ameandikwa Nairobi katika kampuni moja ya mambo ya kompyuta, na kila mwisho wa mwezi pesa zilikuwa zinaingia kwa simu bila kukosa. Mshahara wa huyo bwana ndio ulikuwa dhamana ya mkopo, hata kama haikuandikwa mahali.

Alilipa mara tatu vizuri, 5,000 kila mwezi. Halafu mwezi ukapita bila malipo, na wa pili, na wa tatu. Mama akiulizwa anasema, "Ngojeni kidogo, baba yao atatuma." Watu wakaanza kunong'ona kwamba amekula pesa za wenzake. Mwishowe kikao kikakata shauri mbuzi wake wachukuliwe.

Siku hiyo ndiyo mume mwenyewe alikuja kutoka Nairobi akasimama mbele ya kikao. Akasema kazi iliisha miezi minne iliyopita. Kitu walichokuwa wanauza, watu waliacha kukinunua, kampuni ikapunguza wafanyakazi, na yeye akawa mmoja wao. Hakumwambia hata mke wake. Aliona aibu.

Mzee mmoja aliyekuwa amealikwa kwa kikao hicho akamwuliza, "Lakini uliiba nini? Mtu hafukuzwi kazi bure."

Hilo swali la mzee ndilo limetufanya tuandike makala haya. Wengi wetu tunafikiri hivyo hivyo. Tunajua mtu akifukuzwa, ni ulevi, au uvivu, au wizi. Lakini kuna kufukuzwa na kuna kupunguzwa, na haya mawili si kitu kimoja.

FUNDI WA KOROBOI

Tuanze na kitu tunachokijua. Zamani kila soko lilikuwa na fundi wa koroboi. Alikuwa anachukua mkebe uliotupwa, anaukata, anauunganisha, anatia utambi, na usiku nyumba inapata mwanga. Kazi yake ilikuwa nzuri na ilisomesha watoto.

Baadaye taa za jua zikaja. Mama ananunua moja, haweki mafuta ya taa tena, watoto hawavuti moshi, na anachaji simu hapo hapo nyumbani. Yule fundi wa koroboi alifanya kosa gani? Hakuna. Mkono wake haukusahau kazi. Bei yake haikupanda. Wateja ndio walihama.

Sasa tuseme huyo fundi alikuwa amewaandika vijana watano. Koroboi 50 kwa siku zimekuwa 5. Atawalipa na nini? Ataanza kwa kumwondoa mmoja, halafu wawili, na mwisho atafunga. Vijana hao hawakuiba kitu. Mambo ni hayo hayo katika kampuni kubwa, tofauti ni hesabu tu.

KISA CHA POSTA NA SIMU

Kenya tuko na mfano mkubwa sana wa jambo hili, na wazee wetu waliuona kwa macho.

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kuvunjika mwaka 1977, Kenya ilianzisha shirika lake la Posta na Simu. Shirika hilo lilikuwa peke yake. Ukitaka kutuma barua, ni wao. Telegramu ya msiba, ni wao. Kupiga simu, ni wao. Mtu akiomba laini ya simu nyumbani au dukani, ombi lingeweza kukaa miaka mingi. Sisi wa huku tulikuwa tunapanda gari kwenda mjini, tunapanga foleni kwa kibanda na sarafu mkononi, na wakati mwingine simu inakula pesa na haiongei.

Lakini kwa upande wa ajira, Posta na Simu ilikuwa kama mti mkubwa. Kulikuwa na maopereta wa kuunganisha laini, mafundi wa kupanda nguzo, makarani wa bili, madereva, walinzi, wahasibu. Kijana akipata kazi huko, kijiji kizima kinajua kwamba ameshika pahali pa kudumu mpaka uzee.

Tarehe 1 Julai 1999 serikali iligawanya shirika hilo. Barua zikaenda kwa Shirika la Posta, simu zikaenda kwa kampuni mpya ya Telkom Kenya, na kazi ya kusimamia sheria ikaenda kwa tume ya mawasiliano. Mwaka uliofuata, 2000, kampuni mbili za simu za mkono zilianza biashara kwa nguvu: Safaricom na Kencell, ambayo leo ni Airtel. Na Safaricom yenyewe, kumbe, ilianzia ndani ya Posta na Simu kama idara ndogo. Mtoto alizaliwa katika nyumba ile ile.

Wateja walifanya nini? Walihesabu. Laini ya mezani inataka nguzo, nyaya, fomu, kungoja, na bili kila mwezi, upige usipige. Simu ya mkono unanunua leo na leo unaongea. Unakwaruza kadi ya pesa kidogo, na pesa zikiisha unanyamaza, hakuna mtu anakudai. Tena unatembea nayo mpaka shambani. Juu ya hayo, wezi walikuwa wanakata nyaya za shaba na kuziuza, kwa hivyo hata mwenye laini ya mezani angeweza kuamka asubuhi simu imekufa.

Angalieni hesabu. Tangu uhuru, laini za nyaya katika Kenya nzima hazikufika hata nusu milioni. Simu za mkono, kwa miaka saba tu, yaani kutoka 2000 mpaka mwisho wa 2007, zilikuwa zimepita milioni 10.

Na Telkom ilibaki na watu wapatao 17,000, walioandikwa kwa ajili ya kazi ya nguzo, nyaya na opereta. Wateja wameenda, lakini mishahara iko pale pale. Katika miaka ya 2006 na 2007 maelfu kwa maelfu walipunguzwa ili kampuni iweze kuuzwa. Desemba 2007 serikali iliuza asilimia 51 kwa kundi lililoongozwa na kampuni ya Ufaransa, France Telecom, kwa dola milioni 390. Kati ya wale wafanyakazi wote wakabaki elfu chache tu.

Mwaka 2008 jina la Orange likaletwa. Mwaka 2016 Wafaransa waliuza sehemu yao, na mwaka 2017 jina la Telkom likarudi. Mwaka 2019 kampuni ilipanga kuungana na Airtel, na ikatangaza kwamba wafanyakazi 575 wangepunguzwa. Mwaka 2020 mpango huo wa kuungana ukaachwa. Mnaona wenyewe: kupunguzwa si jambo la mara moja. Kampuni ambayo wateja wake wamehama inaweza kupunguza leo, na kesho kutwa inapunguza tena.

Wengine waliopunguzwa hawakuridhika na jinsi walivyolipwa, wakaenda kortini. Kesi moja iliyofika Mahakama ya Rufani mwaka 2014 ilikuwa imefunguliwa kwa niaba ya wafanyakazi wa zamani 996. Tunataja hilo kwa sababu hao watu walifanya jambo la maana. Hawakukaa kila mtu kwake na aibu yake. Walijikusanya.

HATA KAZI MPYA HUZEEKA

Mtu anaweza kusema: basi kijana aende kwa kitu kipya, huko yuko salama. Hapana. Kumbukeni simu ya jamii. Miaka ile ya 2000, mtu alikuwa anaweka simu kwa kibanda, watu wanapiga, analipwa kwa dakika. Ilikuwa biashara mpya na ilikuwa tamu. Halafu simu za mkono zikawa rahisi, na katika bajeti ya mwaka 2009 serikali ikaziondolea ushuru wa VAT. Kila mtu akanunua yake. Simu ya jamii ikafa mkononi mwa wenyewe.

Lakini wengine wa vibanda hivyo hawakufa nayo. M-Pesa ilikuwa imeanza Machi 2007, na wao walikuwa na kibanda tayari, wamezoea kushika pesa za watu, na wateja wanawajua kwa majina. Wakageuka mawakala. Waliona mteja anakoelekea, wakatangulia kumngoja huko.

Na M-Pesa nayo iliondoa kazi mahali pengine. Nani kati yetu bado anatuma pesa nyumbani kwa mani oda ya posta?

HATA ULAYA NI HIVYO

Tusifikiri haya ni kwa sababu sisi ni Waafrika au serikali yetu ni mbaya. Mnaikumbuka ile Nokia ndogo yenye tochi, watu waliyoiita "mulika mwizi"? Hiyo ni Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, na zaidi ya milioni 200 ziliuzwa duniani. Kampuni yenyewe ni ya Finland, nchi ya baridi huko kaskazini mwa Ulaya, na kwa miaka mingi hakuna aliyeuza simu nyingi kuishinda.

Mwaka 2007 simu ya kugusa kioo ya iPhone ikatoka, na baada yake simu za Android. Watu wakataka simu ya kugusa, yenye picha na intaneti. Nokia ilichelewa kuwafuata. Februari 2012 ilitangaza kuondoa kazi 4,000 katika viwanda vitatu, kimoja kikiwa cha Salo, huko huko Finland. Salo ni mji mdogo uliokuwa umeegemea kiwanda hicho, kama sisi tunavyoegemea mvua. Mwaka 2014 biashara ya simu ya Nokia ikauzwa kwa Microsoft ya Marekani, na Julai ya mwaka huo huo Microsoft ikatangaza kwamba watu mpaka 18,000 wangepunguzwa. Karibu 12,500 kati yao walikuwa wa upande uliotoka Nokia.

Hao walikuwa mainjinia waliosoma sana. Kusoma hakukuwazuia kupunguzwa, lakini kulisaidia wengine kupata kazi nyingine.

Na wakati wa Korona watu walikaa nyumbani, wakatumia intaneti sana, na kampuni kubwa zikaandika watu wengi zikidhani hali itaendelea hivyo. Watu walipotoka nje tena, mahitaji yakapoa. Novemba 2022 Meta, wenye Facebook na WhatsApp, walitangaza kupunguza watu 11,000. Januari 2023 Google wakatangaza 12,000. Hatutaji haya kwa kutisha mtu. Tunataka tu yule mzee wetu ajue kwamba hao wote hawakuiba.

SHERIA INASEMA NINI?

Hapa tunaomba msome polepole, au yule anayesoma kwa sauti asirukeruke. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inasema mwajiri hawezi kupunguza mtu kwa kuamka tu asubuhi. Lazima afuate haya:

1. Kutoa habari mapema. Kama mfanyakazi ni wa chama cha wafanyakazi, mwajiri aandikie chama na afisa wa leba, si chini ya mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na ni watu wangapi. Kama si wa chama, mfanyakazi mwenyewe aandikiwe barua, na afisa wa leba pia ajulishwe.

2. Kuchagua kwa haki. Mwajiri aangalie nani amekaa kazini muda mrefu, na ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Si kuondoa mtu kwa sababu ya kabila, au kwa sababu alikataa kusalimia mkubwa.

3. Siku za likizo ambazo hazijachukuliwa zilipwe kwa pesa.

4. Notisi ya mwezi mmoja au zaidi, au mshahara wa mwezi mmoja badala yake.

5. Malipo ya kuachishwa, si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi.

Mfanyakazi pia ana haki ya cheti cha kuonyesha alifanya kazi hapo tangu lini mpaka lini, hata kama ameondoka. Akikiomba asione haya, maana ndicho atakachoonyesha mahali pengine. Na kama hakulipwa sawasawa, aende kwa afisa wa leba mapema. Asingoje. Ikipita miaka 3 tangu jambo litokee, mlango wa korti umefungwa.

TUPIGE HESABU PAMOJA

Tuchukue mtu wa mshahara wa shilingi 30,000 kwa mwezi, aliyefanya kazi miaka 8 kamili. Tukigawanya kwa siku 30, kila siku ni shilingi 1,000.

Siku 15 kwa mwaka ni shilingi 15,000. Mara miaka 8 ni shilingi 120,000. Kama hakupewa notisi, aongezewe mshahara wa mwezi mmoja, shilingi 30,000. Jumla ni shilingi 150,000, kabla ya makato, na likizo yake ikiwa bado iongezwe juu.

Mtu akisikia laki moja na nusu, anaona ni pesa nyingi. Majirani nao wanaona hivyo, na hapo ndipo maombi ya harambee yanaanza kuja. Lakini gawanyeni. Kama nyumba ilikuwa inatumia ile 30,000 yote kila mwezi, hizo pesa zinaisha kwa miezi mitano. Mitano tu. Zikipotea kwa gari kuukuu au kwa sherehe, hata miezi miwili hazifiki.

Kwa hivyo ushauri wetu ni huu. Pesa hizo zikija, kwanza zikae. Zisinunue kitu mwezi wa kwanza isipokuwa chakula, karo na dawa. Halafu mume na mke wakae chini na karatasi: tunadaiwa wapi, chakula kipo mpaka lini, na ni biashara gani tunayoijua tayari. Tunasema tunayoijua, si ile tuliyoambiwa kwa matatu. Kama familia inajua mbuzi, anza na mbuzi. Kama inajua ndengu, anza na ndengu. Tena jambo moja ambalo watu husahau: makato ya matibabu yaliyokuwa yanatolewa kwa mshahara yanakoma mshahara ukikoma. Ni juu ya mtu mwenyewe kuendelea kulipa, asije akajua siku ya kulazwa.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Sisi Wakamba tuna mwethya tangu zamani. Mtu akiwa na shamba la kulimwa au mtaro wa kuchimbwa, watu wanakuja na majembe. Hakuna anayeuliza kwanza kama mwenye shamba ana mshahara. Mkopo wa kikundi ni mwethya wa pesa, na unaweza kuvunjika kama hatuangalii. Tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, mkopo usimame kwa biashara yenyewe. Msiulize tu, "Mume wako anafanya wapi?" Ulizeni, "Mashine hii itasaga debe ngapi kwa siku? Mafuta ni pesa ngapi? Wakati wa ukame, watu wakiwa hawana nafaka, utalipaje?" Mshahara wa Nairobi uwe wa kusaidia, usiwe ndio mguu wa meza.

Pili, angalieni ni wangapi wameegemea mti mmoja. Kama wanachama 20 na 8 kati yao wanategemea pesa kutoka mahali pamoja, au kazi za aina moja, siku mti huo ukianguka kikundi kimelala chini.

Tatu, wekeni akiba ya dharura, hata kama ni shilingi 20 kwa kila mtu kila mkutano. Kikundi cha watu 25 kinachokutana kila wiki kinapata shilingi 500 kwa wiki, na kwa mwaka ni shilingi 26,000. Hizo zisikopeshwe kwa biashara. Ni za yule ambaye nyumba yake imepigwa na kitu ambacho hakukitafuta.

Nne, andikeni kwa katiba yenu kwamba mwanachama aliyepata shida na akasema ndani ya mwezi mmoja, atapangiwa upya malipo yake bila faini. Lakini anayejificha, faini iko. Mtu akijua kwamba kusema kuna faida, atasema.

Tano, wenye kudhamini wenzao wajue wanachofanya. Ukiweka sahihi kwa mkopo wa mwenzako, hapo au kwa sako, na yeye apunguzwe kazi, wewe ndiwe utakayeulizwa. Si dhambi kudhamini. Ni vizuri tu kuuliza kwanza.

Na vijana walio kazini bado? Hao nao wasingoje barua. Dalili huonekana. Wateja wanapungua dukani, bidhaa zinakaa stoo, waliotoka hawajazwi nafasi zao, mshahara unaanza kuchelewa, wakubwa wanakutana mara kwa mara na milango imefungwa. Ukiona hizo, usikope mkopo mkubwa mpya. Lipa ulio nao. Jifunze kitu cha pili. Wale mafundi wa nyaya waliojifunza mitambo ya simu za mkono mapema, walikuwa na mahali pa kubisha hodi.

ILIKUWAJE KWA YULE MAMA?

Kikao kilinyamaza kwa muda. Halafu mwenyekiti akamwambia yule bwana akae chini, akaletewa chai. Mbuzi hawakuchukuliwa. Deni lililobaki lilikuwa shilingi 45,000. Badala ya 5,000 kila mwezi, walikubaliana 1,500 kwa miezi 30, bila riba kuongezwa, na malipo yatoke kwa mashine yenyewe. Mweka hazina akaandika, wote wawili wakaweka sahihi.

Bwana alipoonyesha barua yake, karani wa kikundi, ambaye ni mwalimu, aliisoma mara mbili akaona kwamba siku za likizo hazikuwa zimehesabiwa. Yule bwana hakuwa amejua kama anadai. Aliandika barua akailalamikia kampuni, na nakala akampelekea afisa wa leba. Tulipopita tena, alikuwa amelipwa hizo siku. Zilikuwa pesa kidogo, lakini zilinunua mabati ya kibanda cha mashine. Siku hizi yeye ndiye anaiendesha, maana anajua kufungua na kurekebisha, na mke wake anashika daftari.

Maisha yao si kama zamani. Mtoto mmoja ilibidi ahamishwe shule. Hatutaki kuwadanganya kwamba kila kitu kilirudi sawa. Lakini mama huyo bado ni mwanachama, na kwa mkutano anakaa mahali pake pa kila siku.

Na yule mzee? Tuliambiwa kwamba baada ya kikao alimfuata yule bwana nje, akamshika mkono, akamwomba msamaha. Akasema, "Mimi nilifikiri kazi ya Nairobi ni kama jiwe. Kumbe ni kama ndengu, inategemea soko."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika eneo letu, ni kazi gani au biashara gani zilizokuwa na nguvu zamani na sasa wateja wamehama? Wenyewe walifanya nini?

2. Katika kikundi chetu, ni mikopo mingapi inayotegemea mshahara wa mtu mmoja aliye mbali?

3. Mwanachama akipata barua ya kupunguzwa leo, angekuwa huru kutuambia kesho? Kama hapana, ni kitu gani chetu kinachomfanya aogope?

4. Ni nani kati yetu anayeweza kusoma barua ya kazi na kupiga hesabu ya malipo? Je, anaweza kufundisha wengine wawili?

5. Shilingi ngapi kila mkutano tunaweza kuweka kwa akiba ya dharura bila kuumiza mtu?